Wasifu wa Mtu Aliye Hai

Kazi yangu ni kusikiliza uongo unaohusu kompyuta. Katika chuo ninachofanyia kazi Mombasa, mhadhiri huniletea mashine inayonuka chai na kuniambia haijawahi kukaa karibu na kikombe. Karani huchomoa waya kwa mguu wake mwenyewe, kisha huapa mbele ya Mungu kwamba waya ulikuwa mahali pake. Nimezoea. Siwaulizi watu tena, naiuliza mashine, kwa kuwa mashine haina aibu ya kuficha. Mimi mwenyewe kwa miaka tisa nilikuwa sijawahi kumwambia mtu chombo chake ni kibovu kama ni kizima. Wenzangu husema sina subira, nami sibishani nao.

Mwezi uliopita baba yangu, Stephen Muinde, alinunua kompyuta akiwa na miaka sabini na sita, na hakumshauri mtu. Aliingia duka moja mjini Voi akatoka na makasha mawili, moja la skrini na moja la lile sanduku lake, yakafungwa nyuma ya bodaboda hadi nyumbani Mwakingali. Muuzaji alimwambia ni kuchomeka tu na kuanza. Baba alikuwa stesheni masta wa reli ya zamani kwa miaka thelathini na moja, na mtu mwenye sare akimwambia jambo hulichukua lilivyo. Yule muuzaji alikuwa na sare.

Simu zikaanza siku hiyo hiyo.

"Mwaitu," baba akasema. Huniita hivyo, mama yangu kwa Kikamba, kwa sababu jina langu Mbithe ni la mama yake. "Hii kitu inataka kujua niko wapi."

"Iambie Voi."

"Nimeiambia. Inasema niko Nairobi."

Siku ya pili iliuliza kama anakubali masharti, naye akasoma masharti yote, kurasa arobaini, akanipigia kunieleza aliyoyakataa. Siku ya tano ilimwandikia kwamba zimebaki siku kumi na mbili. Nilimweleza kuwa hiyo ni programu ya kuzuia virusi, wamempa ya kuonja tu, na inahesabu siku zake yenyewe.

"Zake au zangu?"

"Zake, baba."

"Mama yako amesoma hiyo maneno. Hajafurahi."

Lakini shida kubwa ilikuwa kuzimika. Mashine ilifanya kazi kama saa moja hivi, feni yake ikilia, kisha ghafla skrini ikawa nyeusi. Karibu kila siku. Na kila ilipozimika baba alipoteza alichokuwa ameandika, kwa sababu hakutaka kuhifadhi kazi ambayo haijakwisha. Stesheni, alinikumbusha, mtu hatii sahihi daftari kabla ya zamu kuisha. Anayetia sahihi mapema ana jambo. Nilimfokea kwa simu. Akahifadhi mara moja tu, ukurasa mmoja na nusu, kwa unyonge wa mtu anayelazimishwa kutenda kosa.

"Umebonyeza nini, baba?"

"Sijabonyeza kitu."

"Wote husema hivyo."

Hapo akakata simu. Nilijua nimemkosea, na sikuomba radhi. Juma lililofuata hakupiga simu kabisa, kisha Ijumaa akapiga akasema kwa sauti ya kawaida, "Kama unaweza kuja, kuja. Naihitaji kabla ya Jumatatu." Baba hajawahi kuniambia anahitaji kitu. Jumamosi asubuhi nikapanda treni.

Nilimkuta sebuleni ameketi mbele ya mashine, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, kama anayengoja mkaguzi. Mama alinipokea mkoba akasema mgeni njoo, mwenyeji apone, kisha akarudi jikoni haraka. Niliwasha mashine. Ukurasa ule mmoja na nusu ukafunguka, na juu yake kwa herufi kubwa: WASIFU WA MAREHEMU STEPHEN MUINDE NDETI.

Nilimtazama baba. Baba aliitazama skrini.

"Ni nini hii?"

"Si unaona? Ulisikia Kimanzi walivyomsoma kwa mazishi yake?"

Kimanzi alikuwa mdogo wake, tuliyemzika mwezi wa nne mwaka jana. Watoto wake walikuwa wamechukua kijitabu cha mazishi ya mtu mwingine, wakabadilisha majina, wakasahau mengine. Mbele ya watu mia tatu ikasomwa kwamba Kimanzi alikuwa mwimbaji hodari wa kwaya na alipenda sana kufuga nyuki. Kimanzi hakuwahi kuimba hata kanisani, na alikuwa akiwaogopa nyuki kama simba. Baba alisimama kusahihisha, mchungaji akamwomba aketi.

"Yeye alizikwa na maisha ya mtu hatujui ni nani," baba akasema. "Mimi yangu nitaandika mwenyewe. Ukweli mtupu. Imebaki kidogo tu."

Nilisoma. Ulikuwa wasifu mzuri, mkavu kama ripoti. Alizaliwa, akasoma, akaajiriwa. Siku gani alihamishwa kutoka Mtito Andei, siku gani alimwoa mama yangu Kavinya, mvua ya mwaka gani ilibeba tuta la reli na nani alilaumiwa. Hapakuwa na sifa hata moja. Nikafikiri, haya, wazee wana mambo yao. Mwingine hujinunulia jeneza. Nikamwachia kiti aendelee, nami nikaketi kando kuingoja mashine izimike ili nione inavyozimika.

Alichapa kwa vidole viwili. Dakika ya arobaini na tano feni ikaanza kupiga kelele. Dakika ya hamsini na mbili skrini ikafa.

"Umeona?" baba akasema, na kusema kweli alifurahi. "Sikubonyeza kitu."

Nilikagua waya, nikabadilisha soketi, nikaangalia umeme wa nyumba. Kila kitu kilikuwa sawa. Mwishowe nikaliegemea lile sanduku kwa mkono, kiganja kikapata moto.

Nyumba yetu kila kitu kimevaa. Redio ina kitambaa cha kushonwa kwa kulabu, televisheni ina chake, friji ina chake chenye pindo za maua, na viti vyote vina viwiliviwili. Mama huvishona mwenyewe, na chombo kipya hakimalizi wiki nyumbani kikiwa uchi. Nimekulia kwenye vitambaa hivyo hadi macho yangu hayavioni tena. Sanduku la kompyuta lilikuwa limevikwa kimoja kizito cha rangi ya maziwa, kimeshuka pande zote hadi mezani, na nyuma, pale joto linapotokea, kimekunjwa mara mbili. Chini yake nailoni ya dukani haikuwa imetolewa. Voi hii, mwezi wa pili, chini ya mabati.

Nilicheka peke yangu. Baba alikuwa ametoka uani kunyoosha mgongo, nikaenda jikoni kumpa mama habari, maana kosa lilikuwa lake na nilitaka kumtania.

"Mama, unajua nani anazima kompyuta ya baba?"

Alikuwa akikata sukuma. Hakuinua kichwa.

"Najua. Ni mimi."

Nilidhani hajanielewa. Nikaanza kumweleza mambo ya joto na feni. Akanikatiza.

"Mbithe, najua. Siku ya tatu nilitoa hiyo kitambaa nikaifua. Hiyo siku ikafanya kazi kutoka asubuhi mpaka jioni, baba yako akaimba. Ilipokauka nikairudisha. Halafu nikaikunja."

Nilikasirika. Wiki tatu nilizomfokea baba kwa simu zilinijia zote pamoja, nikapandisha sauti, nikamwuliza kama anajua mzee ameandika kitu kilekile mara ngapi. Mama akaweka kisu chini akafunga mlango wa nyuma.

"Punguza sauti. Jumatatu anapasuliwa."

"Nani?"

"Baba yako. Ile tezi ya wazee. Daktari anasema si kazi kubwa, lakini presha yake inapanda na kushuka, na umri ni huo. Kesho jioni tunashuka Mombasa."

"Mnakuja Mombasa, mimi niko Mombasa, na sijaambiwa?"

"Alikataa. Alisema utaenda kuwauliza madaktari maswali vile unatuuliza sisi kwa simu."

Nilishikwa na woga, nauandika hivyo hivyo.

"Mtu anaandika matanga yake na bado anakula," mama akasema. "Si ni kujichuria? Na hiyo mashine yake inamhesabia siku. Nilimwambia aache, akasema Kimanzi, Kimanzi. Basi nikanyamaza." Alichukua kisu, akakiweka tena. "Na si uchuro peke yake. Wewe unamjua huyo mtu. Tangu nioane na yeye hajawahi kuacha kazi katikati. Akimaliza hiyo kitu, akaweka nukta, atalala kwa hicho kitanda cha daktari kama mtu amefunga zamu. Lakini kama haijaisha atarudi. Hata kama ni kwa hasira, atarudi."

"Mama, upasuaji hauendi hivyo."

"Wewe ni wa kompyuta. Huyo ni bwanangu."

Nilirudi sebuleni. Baba alikuwa ameketi tena, mashine imepoa imewaka, na alikuwa akiandika upya yale aliyopoteza. Nilisoma nikiwa nyuma ya bega lake. Safari hii alikuwa ameanza na aya ya mwisho: Marehemu alifariki tarehe, kisha nukta nyingi zilizopangwa sawasawa, na ameacha mjane mmoja, watoto wanne. Majina yetu yalikuwa bado, na aya zilizopotea katikati pia. Mashine ilikuwa na kama nusu saa kabla ya kuchemka tena, na yeye alihitaji saa moja. Kazi yangu yote ilikuwa kunyanyua kitambaa kwa vidole viwili.

Nilifikiri juu ya haki ya mtu kusomwa ukweli wake. Alistahili, na kama mambo yangekwenda vibaya nisingejisamehe. Kisha nikaziona zile nukta tena, jinsi alivyoziacha na nafasi ya kutosha, na mkono wangu haukunyanyuka.

"Umepata ugonjwa wake?" akauliza.

"Nimepata, baba. Iko na shida ndani. Lazima irudi dukani, bado iko na garantii."

Vidole vyake vikaacha kuchapa. Ni mtu aliyesikiliza visingizio vya madereva wa treni miaka thelathini na moja, na alikuwa na desturi ya kuuliza swali la pili, na la tatu, hadi dereva atokwe na jasho. Nikajitayarisha. Hakuniuliza shida ni gani wala iko ndani wapi.

"Itakaa huko muda gani?"

"Wiki mbili."

"Wiki mbili," akasema. Jikoni kisu kikaacha kukata.

Aliikodolea macho ile aya ya mwisho, kisha akaizima mashine mwenyewe, polepole, kwa utaratibu niliomfundisha kwa simu. Akafungua droo, akatoa risiti ya dukani iliyokunjwa ndani ya nailoni. Nilinyoosha mkono nikidhani ananipa. Akaitia katika mfuko wa shati, akafunga kifungo cha mfuko.

"Wewe peleka mashine," akasema. "Risiti nakaa nayo. Waambie bila hii wasimpe mtu mwingine, hata wewe, hata mama yako. Nitaenda kuichukua mimi mwenyewe, na miguu yangu."