Punda Mwenye Miwani

Mjukuu wangu tunamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haupumziki. Kwa hiyo asubuhi ile alipokaa kimya juu ya ngazi, brashi mkononi, nikajua lipo jambo.

Mimi nilikuwa chini, nimemshikia ngazi. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuwa amempa ukuta wa ubavuni, ukuta wake mkubwa wa kwanza, achore anachotaka mradi amalize kabla duka, ambalo lilikuwa jipya, halijafunguliwa rasmi. Shida ilikuwa punda. Alikuwa amechorwa pale miaka mingi, rangi imepauka, kila jicho na kope tatu ndefu, amevaa miwani ya duara na anawatazama wapita njia kama mwalimu mkuu.

“Bibi, siwezi kumfunika,” Chiriku akasema. “Sisi wachoraji wa ukutani hatufuti kazi ya mtu bila ruhusa yake. Nikimfuta huyu, wenzangu hawataniamini hata kunipa pipa la taka nilichore.”

Mwenye duka alipoelezwa alicheka mpaka akashika kiuno. Alisema hajapata kusikia punda akiombewa ruhusa, na kama kesho jioni hataona kitu, atapaka chokaa ukuta wote yeye mwenyewe. Hata hivyo alitutolea viti viwili kivulini. Nililiona hilo.

Punda naye alikuwa ameshanikaa moyoni. Nani humvisha punda miwani? Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, nikamwambia Chiriku ashuke, twende. Tulipita kwa fundi viatu na kwa muuza magazeti. Wote walimjua punda, hakuna aliyemjua mchoraji. Mbele ya kinyozi nikasimama. Kwenye kibao chake palichorwa mwanamume aliyenyolewa vizuri, na kila jicho lilikuwa na kope tatu tu, ndefu, kama za punda wetu.

Kinyozi alimwacha mteja na nusu ya nywele akatoka nje kutuelekeza kwa aliyekichora kibao. Mteja hakununa. Alisema yeye hana haraka, na kwa hali ile hana pa kwenda.

Mchoraji tulimkuta katika chumba cha nyuma cha zahanati ya meno. Alikuwa mama wa makamo, anatengeneza meno ya bandia, na mezani kwake palipangwa vipande vya rangi ya meno, kutoka nyeupe hadi rangi ya chai. Chiriku akamweleza yote bila kuvuta pumzi. Yule mama akaliweka chini jino alilokuwa akilisugua.

“Kumbe bado yupo?”

Ruhusa hakutoa wala hakukataa. Alisema atakuja akitoka kazini, amwone kwanza. Njia nzima Chiriku aling'ata kucha. Akinyimwa, ukuta umekwenda.

Mama alikuja na aproni yake ya kazi, akasimama mbele ya punda muda mrefu. Nilishindwa kujizuia.

“Miwani ya nini, mwanangu?”

Akatueleza kwamba mama yake macho yalipofifia alinunuliwa miwani, akakataa kuivaa. Aliogopa kuchekwa njiani akienda kazini. Basi yeye, binti, akamchora punda kwenye njia hiyo.

“Nikamwambia, mama, anayetaka kucheka ataanza na punda. Wewe pita tu.”

“Akaivaa?”

“Siku hizi hata kulala analala nayo.”

Chiriku akaanza kufunga makopo yake ya rangi. Alisema basi, kazi kama hiyo haigusi, mwenye duka na atafute mtu mwingine. Mama akamshika mkono.

“Usifunge. Huyu kazi yake ameshaifanya,” akasema. “Lakini nitamfunika mimi. Hilo uniachie.”

Akaomba brashi pana. Alianzia mkiani, taratibu, uso akauacha mwisho. Chiriku alitaka kumsaidia, nikamvuta kando. Punda alipokwisha, mama alijipangusa macho kwa bega, akamrudishia brashi.

“Haya, ukuta ni wako. Ukichora hovyo nakuja kukufuta.”

Chiriku akacheka, akamkumbatia, rangi na yote.

Kesho yake, ukuta umekauka, ngazi ilishikwa na mwenye duka mwenyewe. Chiriku akavuta mstari mmoja wa buluu kutoka pembe hadi pembe, kisha mwingine uliopinda chini yake. Nikavuka barabara ili nione vizuri. Mpita njia mmoja akasimama kando yangu, akaniuliza pale panachorwa nini.

“Sijui,” nikamwambia. “Kaa hapa, tutazame.”