Ngokela Dhidi ya Sidii ya Edmund

Edmund hakupigiwa kura na mtu, lakini alitawala bweni zima kwa sidii moja tu. Ilikuwa sidii halisi, ile sahani ya kompyuta, ya mchezo wa mpira, aliyoletewa na mjomba wake kwao Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, na kompyuta pekee ya wanafunzi, pale shuleni nje kidogo ya mji wa Mbinga, ilikubali kuufungua mchezo kwa sharti kwamba sidii hiyo iwe tumboni mwake. Watu walijaribu kuinakili. Kompyuta iliitema nakala bila hata kuomba radhi. Kwa hiyo aliyetaka kucheza alimfulia Edmund mashati, na Edmund, mtoto wa ziwani aliyezoea maji mengi, alikuwa na mashati mengi.

Protasi wa kidato cha pili, mtoto wa wakulima wa kahawa wa Matiri, alikuwa amefua mpaka vidole vikakunjamana. Haja yake duniani ilikuwa moja: acheze bila kumfulia binadamu yeyote.

Wokovu ulitokea mjini, kwenye duka la intaneti la Dada Benadetha. Kulikuwa na ukurasa ambamo vijana wa nchi za mbali waligawiana faili la kuweka badala ya lile la mchezo wenyewe, na ukiliweka mchezo ulisahau kabisa kuuliza habari za sidii. Tatizo ni kwamba faili lilikuwa nene. Lilikatwa vipande, kila kipande flopi yake, diski ndogo ya kubebea mafaili, na kwa mwendo wa mtandao wa Mbinga kipande kimoja kilikula ruhusa nzima ya kutoka. Ruhusa zenyewe zilikuwa adimu kama nyama ya Jumatano.

Protasi akaitisha kikao kizito cha wenzake wa bweni nyuma ya jiko.

"Ndugu wajumbe, nyumbani shamba likimzidi mtu hufanyaje?"

"Huita ngokela," alisema Hamphrey. "Majirani wanakuja kulima, yeye anawalisha."

"Basi naita ngokela. Kila mmoja alete kipande kimoja."

"Na chakula?" aliuliza Methodi.

"Karanga zangu zote."

"Na sukari?"

"We Methodi, jirani au nzige?"

"Nimeuliza sukari."

"Na sukari!"

Wiki hiyo shule ilipatwa na misiba. Hamphrey alishikwa na jino. Raimundi alihitaji kinyozi kwa haraka, ingawa kichwa chake kilikuwa hakina unywele. Padre Urbani, mkuu wa shule, alitia saini kila ruhusa huku akizidi kuhuzunika, na flopi zikaingia moja moja hadi ikabaki ya Methodi.

Methodi, akirudi na kipande chake, alipita njia ya mkato akatumbukia mtoni. Hakufadhaika. Alifanya alivyofundishwa na mama yake kwa kila kilicholowa: aliianika flopi kwenye kichanja cha kahawa, juani, akaigeuzageuza ikauke pande zote. Ilikauka vizuri sana. Ilijikunja kama chapati.

"Ni kavu lakini," alijitetea.

Siku hiyohiyo Padre, aliyechoshwa na misiba, alifunga geti. Ruhusa alibaki nayo kiranja mkuu peke yake, na kiranja mkuu, kwa uteuzi wa Padre, alikuwa Edmund.

Protasi alifikiri akiwa ameinamia beseni la mashati ya Edmund. Kisha alinyanyua uso mnyenyekevu kupita kiasi.

"Kaka Edmund, ukienda mjini, naomba unipitie kwa Dada Benadetha. Mpe flopi hii, mwambie kile kipande cha Protasi kilichobaki."

"Kipande cha nini?"

"Cha kazi yangu, kaka. Nahangaika nacho tangu muhula uanze."

"Kola zinyooke," alisema Edmund, akaitia flopi mfukoni. Jioni aliirudisha salama salimini. Njiani aliikwepesha hata mvua.

Jumamosi, chumba cha kompyuta kilifurika. Protasi aliunganisha vipande. Kioo kikawa cheusi. Mtu akaanza Baba Yetu. Mara uwanja ukajitokeza, kijani tupu, na bweni zima likapiga yowe.

Edmund aliingia mbio. "Nani kaiba sidii yangu?"

"Si hiyo mkononi, kaka?" aliuliza Protasi.

Aliitazama. Akafungua tumbo la mashine: tupu.

"Nani kaleta uchawi huu?"

"Ngokela," alisema Protasi. "Nawe ulilima. Kipande cha mwisho umekileta mwenyewe."

Kicheko kilipanda mpaka darini. Edmund alitafuta mtu wa kumkaripia, akakuta wote wanatazama mpira.

"Aliyelima hafukuzwi," alisema Protasi kwa sauti ya askofu. "Pita, kaka. Zamu yako ni baada ya Methodi."

Edmund aliirudisha sidii kwenye kasha lake. Kisha akajipanga nyuma ya Methodi.

Zamu yake ilipofika alicheza na Protasi, akamfunga mabao ya aibu, maana mazoezi alikuwa nayo. Protasi alishangilia kila bao kuliko mfungaji: alikuwa anacheza, na hakumfulia mtu.