Mkia Ulioshika Pete

Karwitha aliacha maabara ya Nairobi kwa wiki mbili tu, aende Burat, nje kidogo ya mji wa Isiolo, kumwangalia mama yake aliyekuwa amepata kiharusi. Wiki mbili zikawa miaka miwili. Mama alipooza upande wa kulia, na mtoto mwingine hakuwa naye. Karwitha akapata kazi ya kufundisha bayolojia katika sekondari moja mjini Isiolo, huku jirani yao Kinanu akikaa na mgonjwa saa za shule.

Kule maabara alikuwa akichunguza arkea, viumbe wa chembe moja wanaoishi katika chemchemi za maji yanayokaribia kuchemka. Joto hilo huharibu DNA yao kila mara, lakini hawafi. Ndani yao mna protini yenye umbo la pete. Pete hiyo huizunguka DNA na kuteleza juu yake, na vimeng'enya vya kurekebisha palipoharibika huishikilia ili visiachwe njiani. Karwitha alitaka kujua kimeng'enya kimoja tu kinaishika kwa sehemu yake ipi. Alidhani ni kwa mkia wake mfupi. Wenzake walimbishia, naye akaondoka kabla ya kupata jibu.

Wakati wa Idd, Abdirahim, waliyekuwa wakifanya kazi naye meza moja huko maabara, alikuja kwao Wabera, mtaa wa mjini Isiolo. Alimwalika kwa dada yake Fartun, na kabla chai haijamiminwa akafungua kompyuta.

"Hebu angalia."

Pete ilikuwa pale kwenye skrini, vipande vyake vitatu vimeshikana. Kila kipande kilikuwa na kishimo, na ndani ya kimoja mkia wa kimeng'enya ulikuwa umejikunja ukatulia.

"Tulipoukata huo mkia, kimeng'enya kilishindwa kushika," Abdirahim alisema. "Ulituambia, tukakataa."

Karwitha aligusa skrini kwa kidole. Alitamani mngurumo wa mashine, glavu zinazobana vidole, hata yale majaribio yaliyoharibika akayarudia siku nzima.

"Profesa amekuwekea nafasi mpaka Januari. Rudi, Karwitha."

Alipofika nyumbani, mama alimtazama usoni.

"Umelia," alisema. Siku hizi maneno yalimtoka polepole.

Karwitha akamweleza yote.

"Unaitamani hiyo kazi?"

"Sana, Mami."

"Basi enda."

"Na nani atakugeuza kitandani? Kinanu ako na watoto wake."

Mama alinyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, akamshika kifundo cha mkono.

Kesho yake Karwitha alimwandikia Abdirahim kwamba nafasi apewe mwingine. Alikaa na simu kidogo, kisha akaongeza: "Lakini msiukate mkia wote. Badilisheni kiungo kimoja kimoja cha mnyororo wake wa asidi amino, mjue ni kipi hasa kinachoshika."

Nafasi alipewa msichana aitwaye Shiku. Mwezi wa tatu Shiku akampigia simu, Karwitha akiwa kwenye chumba cha walimu.

"Madam, nimefanya vile uliandika. Kuna kiungo kimoja, nikikibadilisha tu, kimeng'enya kinaachilia pete."

"Ni kipi? Ulijaribu kwa joto gani? Ulirudia mara ngapi?"

Shiku alikuwa angali anajibu kengele ilipolia. Karwitha alichukua chaki na vitabu kwa mkono mmoja, simu bado sikioni.

"Shiku," alisema, "kesho unaweza kunipigia tena?"