Kabati la Kuangulia

Kaka yake alipogeuka, Kiherehere alikuwa ameshafika kwenye kabati, mkono kitasani.

"Toa mkono."

"Nachungulia tu."

"Mara ya mwisho ulichungulia tu, tukazika."

Jina la Kiherehere alipewa nyumbani tangu anatambaa, na hata stashahada ya ufundi umeme haikumtuliza. Yeye ndiye aliyefunga balbu, feni na kipimajoto ndani ya kabati la nguo la marehemu baba yao. Kaka, seremala, aliziba nyufa na kuchonga trei za mayai. Kabati likawa kuku wa mbao. Mkupuo wa kwanza uliharibika siku yenyewe ya kuanguliwa. Vifaranga walitoboa maganda, Kiherehere akafungua aone, akafunga, akafungua tena. Unyevu ukatoroka, utando wa mayai ukawakaukia mwilini. Wakafa nusu ndani, nusu nje.

Mayai yaliyomo sasa yalikuwa ya Mama Kuku, mfugaji wa mtaa wa pili. Yakianguliwa, ataagiza kabati lake, awe mteja wao wa kwanza. Yakiharibika, hatarudi, na maneno yake yatawafikia wafugaji wote kabla ya harufu.

Kiherehere alizunguka karakana. Alipanga misumari, akaipangua. Akafagia maranda yaliyokwisha kufagiwa.

"Kwenye semina ya wajasiriamali walituambia Edison hakuchoka kujaribu," akasema.

"Alijaribu, ndiyo. Lakini balbu ikishawaka aliiacha iwake. Hakuipasua kuiuliza imefikia wapi."

"Ulikuwepo?"

"Sikuwepo, wala wewe. Mimi nawapenda wale ndugu wawili mafundi baiskeli, akina Wright, waliorusha ndege. Walikuwa wanabishana mpaka kila mmoja anajikuta anatetea hoja ya mwenzake. Halafu ubishi unaendelea palepale."

"Na hiyo nayo ni sifa?"

"Ndege iliruka."

Kiherehere alirudi kabatini, safari hii kwa sikio. Ndani kitu kiligonga. Kimya. Kikagonga tena, kama ukucha juu ya sahani.

Mwili mzima ulimwasha. Akageuka, akakaa sakafuni, akaegemeza mgongo mlangoni na kukalia mikono yake yote miwili.

Ndivyo Mama Kuku alivyomkuta. Aliingia bila kubisha.

"Hodi ni ya wageni," alisema. "Mimi mayai yangu yamo humu. Haya, fungua nione."

"Leo halifunguki, mama."

"Limeharibika?"

"Ni zima kabisa. Tukifungua sasa, vifaranga watakauka."

"Mwanangu, nimefuga kuku kabla hujaota meno. Mimi siuziwi kitu gizani."

Kaka alimwinamia dada yake, akanong'ona. "Mfungulie kidogo. Upenyo wa kidole tu."

"Si wewe uliyeniambia nitoe mkono?"

"Nilikuwa sijauona uso wake. Akiondoka tumekwisha."

"Akifungua tumekwisha vilevile, na harufu juu."

"Mteja ni mfalme."

"Basi mfalme asubiri."

"Nawasikia," alisema Mama Kuku. "Masikio sikuyaacha nyumbani."

Akageuza njia kuelekea nje. Mteja wa kwanza alikuwa anakwenda zake, na kumrudisha kulihitaji kitasa kimoja tu, kilichokuwa kinamchoma Kiherehere bega.

"Mama, kuku wako akiwa anaangua, wewe humwinua uone?"

Mama Kuku alisimama kizingitini. "Nimwinue anidonoe macho?"

"Basi leo kuku ni mimi. Njoo usikilize upendavyo, lakini mlango siufungui."

Kaka alifumba macho, akisubiri matusi.

Mama Kuku alirudi. Alipiga magoti kwa kuguna, akabandika sikio kwenye mbao pembeni mwa bega la Kiherehere. Akakaa hivyo, mdomo wazi kidogo. Ndani, sauti nyembamba ililia, ikajibiwa na nyingine.

"Ni wangu hao?"

"Wako."

"Wanapiga kelele kama watu wa sokoni." Aliendelea kusikiliza mpaka mguu ukafa ganzi, akainuka kwa kulishika kabati. "Langu mtalitia kioo. Mimi sitalipigia kabati magoti kila mwezi."

Ndugu wawili walitazamana.

"Kioo kitapoteza joto," alisema Kiherehere.

"Tutaweka viwili, na nafasi katikati."

"Vitashika ukungu, hataona kitu."

"Ukungu unafutika."

"Kwa ndani? Utaingia wewe kuufuta?"

Mama Kuku alipindua ndoo akaikalia. "Bishaneni. Mimi siondoki hapa mpaka niwaone vifaranga wangu."

Nyuma ya mgongo wa Kiherehere ugongaji uliongezeka. Alizidi kukalia mikono. Kaka alichomoa penseli sikioni, akaanza kuchora mraba mlangoni, akikizunguka kichwa cha dada yake, maana alikataa katakata kusogea.