Vijiti vya Nta vya Babu Lenjau

Siku ya kumi na saba ya kizuizi niliiharibu sape ya babu yangu kwa mikono yangu mwenyewe, tena nikijisifu.

Sape, ala yetu ya muziki, ni gogo moja lililochongwa na kutiwa nyuzi. Chini ya uzi hubandikwa vijiti vidogo kwa nta ya nyuki wa porini. Kijiti kikisogea hata upana wa ukucha, sauti imekuwa nyingine. Ya Babu Lenjau ilikuwa ya kale, ya nyuzi mbili tu, ya kuponyea. Mimi asubuhi ile nilivisogeza vijiti vyake vyote ili vikubali wimbo wangu:

Shoka lenu lina meno, na mlima una jina,
Mkileta mapigano, mito yote itanena.

Watu walikuwa wameketi juu ya magogo tuliyolaza barabarani kuyazuia malori ya kampuni ya mbao. Walinipigia makofi hadi ndege wakaruka. Mjomba Merang, kiongozi wetu, akanipiga begani.

"Usat, ukiimba hivyo tena hata madereva watahamia kwetu."

"Ulidhani nitaimba kama wewe kanisani?"

"Kanisani angalau Mungu analazimika kunisikiliza!"

Tulikuwa bado tunacheka Bibi Urai alipotoka na bakuli la uji katika kibanda alimolala Babu. Lilikuwa limejaa vilevile.

"Amekataa tena," alisema.

Babu hakuwa na homa wala jeraha. Siku nne nyuma alipanda ukingoni mwa bonde akaona jinsi kampuni ilivyokinyoa kilima walikolala wazazi wake. Akarudi, akajilaza akiutazama ukuta. Tangu hapo hali chakula, hasemi. Sisi watu wa Long Tepayan tunaujua ugonjwa huo. Roho yake ilibaki kule juu, inazunguka ikitafuta kivuli. Sape ndiyo huiita irudi, na nusu ya watu wa nyumba yetu ndefu inayolaza kijiji kizima waliitwa hivyo na Babu mwenyewe. Jumapili alikuwa kanisani, siku nyingine yuko na sape yake. Mhubiri alipomuuliza anamtumikia nani, alijibu, "Mungu ana masikio mawili, mwanangu."

"Usat," Bibi aliniambia, "leo utampigia wewe. Ule wimbo wa kuita. Umeusikia tangu ukiwa tumboni."

Nikaitazama sape mapajani mwangu.

"Bibi, nimesogeza vijiti."

"Vingapi?"

"Vyote."

Mjomba Merang aliacha kucheka. Babu hakuwahi kuweka alama kwenye sape yake. Alisema anayehitaji alama hana masikio. Mpigaji mwingine wa mwisho mtoni kwetu tulimzika mwaka juzi. Mtu pekee aliyejua kila kijiti kikae wapi ndiye huyo aliyelala akiutazama ukuta.

Nilingoja kofi. Bibi aliweka bakuli chini. "Ingia ndani. Njoo na nta."

Aliketi akiipa sape mgongo, kwa kuwa mwanamke haishiki sape ya kuponyea.

"Piga mlio wa kwanza."

Nikapiga.

"Chini. Chini kidogo. Nimesema kidogo, nyani wewe! Sasa umepita, huo ni mlio wa nzi."

"Bibi, umejuaje?"

"Miaka hamsini na miwili nimelala ubavuni mwa wimbo huo. Nimezaa watoto sita ukipigwa. Mwiko ulinizuia kushika, haukuniziba masikio."

Aliimba kila sauti akiwa amefumba mdomo, nami nikaitafuta, nta ikilainika vidoleni. Mimi niliyejiona bwana wa nyimbo sikuwahi kumwomba mwanamke huyu hata mmoja.

Nje ikasikika ngurumo. Mjomba Merang akachungulia. "Malori matatu. Wanataka kuongea na wazee. Wanasema wana haraka."

"Miti wanayoitaka ina miaka mia tatu," Bibi alijibu bila kugeuka. "Haraka ya nini? Waambie wazee wana kazi."

Tulifika kijiti cha mwisho tukakwama. Sauti yake ilikuwa ya juu, na koo la Bibi la uzee halikuifikia. "Siyo hapo," alisema. "Siyo hapo pia." Mara ya tano aliacha kutafuta. Kisha akageuka. Mkono wake ukaja hadi karibu na uzi, ukasimama hewani.

"Shika, Bibi."

"Nyamaza wewe! Huu siyo wimbo wako wa barabarani."

"Mwache ashike."

Sauti ilitoka ukutani, kavu kama jani. Babu hakuwa amegeuka.

"Tangu asubuhi mnaniita nusunusu," alisema. "Mtu atarudije kwa nusu ya jina? Shika, Urai. Umalize."

Bibi akakisogeza kijiti kwa ukucha wa kidole gumba. Kidogo mno, mimi nisingeona. Nikapiga wimbo mzima. Mara ya tatu Babu akageuka, akalitazama bakuli.

"Uji huo umepoa."

"Umepoa siku nne, mzee mkaidi," Bibi alisema, akamlisha huku machozi yakimdondoka.

Alipokwisha kula akataka kutoka nje. Tulimkalisha juu ya gogo, mbele kabisa ya lori la kwanza lililokuwa likinguruma. Nikamwambia, "Babu, niimbe ule wangu?"

"Wako nimeusikia nikiwa kule juu. Mzuri, unapiga mawe. Lakini mtazame huyo dereva. Roho yake nayo iko wapi?"

Akaanza kupiga. Nyuzi mbili hazishindani na injini, na dereva aliona vidole tu vikicheza. Aliinama dirishani, akatega sikio, akakunja uso. Mwishowe akaizima injini. Wale wa nyuma nao wakazima.

Wimbo wangu bado naupenda, sitauomba radhi. Ila siku ile nilikaa kimya miguuni pa Babu. Katikati ya wimbo Bibi Urai alikunja uso, akanyoosha mkono mbele ya watu wote, akasukuma kijiti cha nne. Hakuna aliyeutaja mwiko. Babu alisimamisha vidole, akangoja amalize.