Kinyago cha Malkia

Enzi hizo jumba la maigizo lilikuwa halijabuniwa. Watu waliigiza kwenye uwanja wa kupuria nafaka. Watazamaji walikaa kwenye mteremko wa kilima, na nyuma ya uwanja kulikuwa na hema la kubadilishia nguo. Asubuhi moja mtengeneza vinyago alimlaza mkewe chali sakafuni, akawa anambandika usoni matambara yaliyolowekwa gundi. Kinyago kilikuwa cha malkia, na malkia angeigizwa na kaka wa mtengeneza vinyago, aliyekuwa mchinjaji. Lakini mchinjaji alikuwa na ndevu, na safari iliyopita gundi iliondoka na nusu ya ndevu hizo, kwa hiyo aligoma katakata kutoa uso. Wanawake walikatazwa kukanyaga uwanjani. Kuazima sura zao, sheria haikusema kitu.

Matambara yakiwa yanakauka, mke alimkaririsha shemeji yake maneno ya malkia. Yeye ndiye aliyeyatunga yote, na kichwa cha shemeji kilikuwa hakishiki chochote zaidi ya bei ya maini. Kitu kimoja tu alikitaka yule mama kwa moyo wake wote: ayaseme maneno yale mwenyewe, mbele za watu, japo mara moja. Mumewe akamwonya asichezeshe midomo, kinyago kitaharibika. Mke akaendelea kusema.

Siku ya onyesho mchinjaji akavaa kinyago, akatoka, akaduwaa. Hakukumbuka hata neno. Kinyago kilimsubiri kidogo, kwa adabu, kisha kikaanza kusema chenyewe, kwa sauti ya mke wa mtengeneza vinyago. Mchinjaji alipojaribu kudakia katikati, kikamwambia, "Shemeji, nyamaza, unanichanganya." Kundi la waitikiaji pembeni ya uwanja likaitikia kama kawaida. Mwishowe mchinjaji akachoka kuumbuliwa, akakivua, akaenda zake hemani kunywa maji. Kinyago kikabaki palepale hewani, kimo cha mtu mzima, kikaendelea. Watu walilia mpaka wakapengea kamasi kwenye nguo zao. Waliokaa mbele walisema afadhali, leo hawakuzibwa na mgongo wa mchinjaji.

Mke alikuwa nyuma ya kilima na wanawake wenzake, wanasikiliza kwa kuibia. Alitaka kupiga kelele za furaha, akakuta kinywa kitupu. Sauti yake ilikuwa kazini. Ilirudi jioni, imekwaruzika kidogo.

Wazee wa uwanja wakakaa kikao. Mmoja akasema ile ni sauti ya mwanamke, na mwanamke hakanyagi uwanjani. Mwenzake akauliza kinyago kitakanyaga na nini, miguu yenyewe hakina. Hoja ikapita. Kinyago kikapewa kigoda chake hemani. Tuzo ya mwigizaji bora akapewa mchinjaji, maana ndiye aliyekitoa nje, naye akaipokea bila aibu hata chembe.

Mke akawafuata wazee, roho inamuuma. Akawaambia uso ni wake, sauti yake, maneno yake. Basi wamwache aingie mwenyewe. Mkuu wa wazee hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, tunakuelewa kabisa," akasema. "Tatizo lako una miguu."

Akamsihi tu apunguze kuwafokea watoto, sauti ya malkia isije ikaharibika.

Onyesho lililofuata akaenda tena nyuma ya kilima. Pembeni yake alikaa mke mgeni, aliyeolewa mjini pale juzijuzi, hamjui mtu. Malkia alipofika pale anapomzika mwanawe, yule mgeni akashindwa kujizuia.

"Huyu ni nani jamani, anayesema vizuri hivi?"

Mke wa mtengeneza vinyago akafungua kinywa, hakikutoka kitu. Akajigonga kifuani kwa kidole. Akajigonga tena, kwa nguvu, huku akimkazia macho.

Mgeni akamshika bega kwa huruma. "Pole, dada yangu," akasema. "Hata mimi kilio kimenikaba hapohapo."