Ukurasa wa Tisa

Kitabu kina kurasa kumi na mbili, na uongo uko ukurasa wa tisa. Niliuona siku ile ile vitabu vilipotolewa kwenye boksi, nikanyamaza. Mimi Rolenas, ambaye kijiji kizima kinaniita Mdomo, kwa kuwa hakuna neno nililowahi kulimeza.

Aliyekiandika ni wifi yangu Votausi, mke wa kaka yangu Masing. Yeye ni mtu wa kisiwa cha Tongoa. Alikuja kisiwani kwetu kwa ndoa, akapewa darasa la kwanza na la pili, watoto ishirini na watatu kwenye chumba kimoja chini ya Mlima wetu wa moto. Vitabu alivyovikuta shuleni, vilivyoletwa kutoka Vila, mji mkuu, vilikuwa vya theluji na treni. Watoto walivisoma kama kasuku. Siku moja aliwauliza treni ni kitu gani, na mmoja akamjibu bila wasiwasi, "Ni nguruwe wa Vila, mwalimu."

Tulicheka wote isipokuwa yeye. Jioni hiyo alichana boksi la samaki wa kopo, akalikata vipande, akaanza kuchora nguruwe aliyekula laplap ya harusi, ile keki yetu ya viazi vya kukuna. Akaja jikoni kwangu na penseli sikioni.

"Wifi, nguruwe akishiba sana, huku kwenu mnasemaje?"

"Tunasema amefanana na kaka yangu."

"Basi nitaandika hivyo hivyo."

Na akaandika, kwa lugha yetu, lugha ambayo bado ilikuwa inamteleza mdomoni. Watoto walikisoma kile kipande cha boksi mpaka kikachakaa. Akatunga cha kuku, akatunga cha pweza. Masing alilalamika kwamba hapati chakula kwa wakati, nikamwambia ana mikono miwili na shelisheli liko juu ya mti. Mwaka wa tatu watu wa vitabu wa Vila waliziona kazi zake kwenye semina, wakamwambia alete hadithi moja kubwa, watachapa nakala mia moja. Nilimwona akilia kwa furaha. Akaichagua hadithi ya Mama Panya.

Kila mtoto wa kwetu anaijua. Mlima unakohoa, ardhi inatikisika, Mama Panya anawapanga wanawe mstari mmoja, kila mmoja kamshika mwenzake kiunoni, anawapeleka mpaka mahali pa salama. Hadithi ni mali ya ukoo wa Mzee Bongkon, na hapo mahali pa salama ndipo pana pazia. Mtoto mdogo husimuliwa kwamba Mama Panya aliufuata mto mkavu mpaka kwenye pango. Si kweli. Mto mkavu ndiko linakoshuka tope Mlima ukishatema majivu na mvua ikanyesha juu yake, tope zito lenye mawe, lisilo na sauti mpaka likufikie. Zamani maadui walipotaka kujua tunakojificha, wazee waliwapa mto. Uongo ule ulitungwa uue, nao uliua.

Mahali pa kweli mtu hunong'onezwa na mjomba wake, ndugu wa mama yake, siku anapopanda kiazi kikuu chake cha kwanza, akiwa na miaka kumi au kumi na mmoja. Kabla ya hapo hana haja ya kujua. Mlima ukikohoa, mkubwa atambeba.

Votausi hakuiba. Alimpelekea Mzee Bongkon mikeka miwili na nguruwe mwenye meno yaliyoanza kujipinda, akaomba ruhusa kama anavyotakiwa mtu mwenye adabu. Mzee akafurahi, akamsimulia hadithi nzima kama anavyowasimulia watoto, na pazia lake. Alidhani Masing atamnong'oneza mkewe. Masing alidhani mzee ameshamnong'oneza. Lakini kwetu anayenong'ona ni mjomba, na Votausi hapa hakuwa na mjomba.

Kisha Mzee Bongkon akafa, na vitabu vikafika na meli siku ya ishirini baada ya maziko.

Hapo sasa mnielewe. Mtu wa kwetu akifa, mali yake hufungwa siku mia. Hadithi zake husimuliwa kama alivyoziacha tu, hazijadiliwi, hazisahihishwi, mpaka mwanawe alishe watu siku ya mia na kuzifungua. Anayevunja humpotezea marehemu njia. Mimi nilikuwa naliamini hilo, na sitajifanya leo kwamba sikuliamini.

Votausi alitusomea kitabu uwanjani, mbele ya kijiji kizima. Alisoma vizuri sana. Watoto walimkazia macho midomo wazi. Alipofika ukurasa wa tisa, penye picha ya panya wadogo wakiingia mtoni kwa mstari, watu wazima wote wakatazama chini. Hata mchungaji alitazama viatu vyake. Votausi akamaliza, tukapiga makofi machache.

"Wifi, mbona wamepoa hivyo?" aliniuliza njiani. "Ni kibaya?"

"Ni kizuri. Panya umewachora vizuri, hasa yule mwenye mkia mfupi."

"Sema kweli, Rolenas. Wewe si mtu wa kunificha."

"Watu wana msiba, Votausi. Umesahau?"

Akaridhika.

Siku ya thelathini na tano Mlima ulianza kukohoa. Haukuwa umekohoa kwa miaka kumi na miwili. Majivu yalilala juu ya majani ya majimbi, maji ya mapipa yakawa machungu. Wiki hiyo watoto walianza mchezo mpya. Wendi, mtoto wa miaka saba aliyekuwa akisoma kuliko wote, ndiye aliyekuwa Mama Panya. Wenzake walijipanga nyuma yake, mikono viunoni, wakatoka uwanjani mbio kwa furaha mpaka kwenye mto mkavu, wakizitamka kurasa kwa kichwa. Niliwasikia nikiwa shambani. Ukurasa wa saba. Ukurasa wa nane. Nililitupa jembe.

Nilimwita Wendi. "Mama, mtoni usicheze."

"Hatuchezi, shangazi. Tunajifunza."

"Nimesema usiende."

"Lakini kitabu kinasema."

Wendi alikuwa binti wa Mesek, na Mesek ni mtoto wa marehemu Bongkon, mwenye hadithi sasa. Nikaenda kwake. Nilimkuta nje ya nyumba ya wanaume akisafisha mizizi ya kava, ile inayotwangwa kwa kinywaji cha jioni, ndevu hazijanyolewa kwa ajili ya baba yake.

"Kaka, ukurasa wa tisa umeuona?"

Hakuinua uso. "Leo siku ya ngapi?"

"Ya hamsini na mbili."

"Basi rudi siku ya mia."

"Mlima hauhesabu siku zako, Mesek. Mwanao ndiye anayewaongoza wenzake."

"Dada, mdomo wako una makali, lakini si wa ukoo wangu. Unataka baba yangu atangetange huko aliko?" Aliosha mzizi mwingine. "Mlima umekohoa mara ngapi bila kutapika? Siku ya mia nitalisema mwenyewe, mbele ya watu, na nitamlipa wifi yako nguruwe kwa usumbufu."

Nikamfuata Masing. Yeye aliniambia hadithi si yake. Nilimfuata mchungaji, akaniambia tuombe. Ningeweza kwenda moja kwa moja kwa Votausi, nyumba yake na yangu zinatenganishwa na kamba ya kuanikia nguo. Jioni nyingi nilisimama kwenye ile kamba nikimtazama akichora kitabu kingine pale dirishani. Mara mbili alinipungia mkono. Nilimpungia.

Siku ya tisini na moja wakubwa wote tulikuwa mashambani tukivuna viazi vikuu kabla majivu hayajaviua. Asubuhi ilikuwa na giza la kijivu. Juu ya Mlima mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, kwetu hakuna hata tone. Kama saa nne hivi ardhi ikatikisika mara tatu, ya tatu ikaniangusha.

Nilipoinuka nilisikia sauti za watoto. Walikuwa wanatamka kurasa.

Votausi alifanya kila kitu sawasawa. Hakuna mwalimu angefanya vizuri zaidi. Aliwatoa darasani bila kelele, akawapanga mstari, mikono viunoni, yeye akakaa nyuma ili asipotee hata mmoja, na mbele akamweka anayeijua njia kuliko wote. Nilifika ukingoni nikiwa nimepoteza kandambili zote mbili. Mstari ulikuwa umeshaingia mtoni, na Wendi alikuwa mbele sana, ameshapita kona, sauti yake tu ndiyo inasikika.

"Si huko," nikapiga kelele. "Votausi, watoe. Si huko."

Aliniinulia kitabu. Alifikiri nimechanganyikiwa kwa hofu. "Tunakwenda pangoni, wifi. Njoo ushike wa nyuma."

"Hakuna pango. Pa kweli ni kilimani, mgongo wa Lonwe. Ni mgongo wa Lonwe, kwenye mtini mkubwa. Huko ni kufa."

Ndivyo nilivyopataja, mimi, siku ya tisini na moja, mbele ya watoto. Mbingu haikuanguka. Votausi alinitazama kidogo tu, kisha akaanza kuwakamata watoto mikono, mashati, nywele, akiwarusha ukingoni kwangu, nami nikiwavuta. Tulihesabu ishirini na wawili. Akageuka akimbilie kona, nikamkamata nguo, akanipiga ngumi ya kinywa, nikazidi kumshika. Tope likapita chini yetu kimya, la kijivu, lina mvuke, limebeba miti iliyosimama wima. Sauti ya Wendi ilikuwa imefika ukurasa wa kumi.

Mesek alimtafuta binti yake siku tatu, kwa jembe kwanza, halafu kwa mikono. Alipata kamba ya nywele. Nilikuwa na mdomo uliovimba na hakuna aliyeniuliza umefanya nini.

Siku ya nne Votausi alikuja kwenye kamba ya kuanikia nguo. Alikuwa hajachana nywele.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu boksi lilipofunguliwa."

Nilingoja anipige tena. Nilitaka anipige. Yeye alitazama Mlima, uliokuwa bado unakohoa, akasema, "Nakala arobaini zilikwenda shule ya upande wa pili wa kisiwa."

Upande wa pili wana Mlima ule ule na mito mikavu kama yetu, na mahali pao pa kweli wanapajua wenyewe. Mnara wa simu ulikuwa umezimwa na majivu. Meli haikuwa inakuja. Tukaondoka kwa miguu, tukapita uwanda wa majivu tukiwa tumefunga vitambaa puani. Alibeba kalamu nne za wino mweusi, za kufutia ukurasa wa tisa, na chupa ya maji. Tulitembea siku nzima, na tulipovuka mto wa kwanza mkavu alisema, "Nilitaka wasome kitu wanachokijua." Ardhi ilitikisika mara mbili tukiwa njiani, na kila ilipotikisika tuliongeza mwendo. Karibu na shule tulikuta nyayo kwenye majivu, ndogo ndogo, zimefuatana mstari mmoja, zimetoka uwanjani. Votausi alianza kukimbia.

Nyayo zilikwenda kuelekea mtoni, hatua kama hamsini. Kisha zikapinda, zikapanda kilima. Huko juu, chini ya paa la makuti, watoto walikuwa wamekaa wanakula viazi vya kuchemsha, mmoja akiwasomea wenzake kitabu cha Mama Panya. Votausi alipiga magoti penye majivu. Akamwomba yule mtoto kitabu, akafungua. Baada ya ukurasa wa nane kulikuwa na ukurasa wa kumi na moja.

Mpishi wa shule alikuwa bibi mmoja, Lore jina lake, mwembamba, ana jicho moja lenye ukungu. Alituletea maji. Nilimwuliza nani kafanya hivi.

"Mimi. Siku vilipofika. Niliona ile picha ya mtoni nikaenda kuchukua kisu cha jikoni. Na leo ardhi ilipotikisika, niliwapandisha huku mwenyewe." Alichukua bati la biskuti pembeni ya moto, akalifungua. Karatasi zilikuwa ndani zimepangwa vizuri, arobaini, panya wadogo upande mmoja wakiingia mtoni, upande wa pili wakifika pangoni. "Sikuzichoma. Nilisema labda mwenyewe atazitaka."

"Na siku mia za marehemu, bibi?" nikasema. "Hukuogopa?"

"Niliogopa sana. Wazee waliniita, wakanitoza nguruwe, mpaka leo hawanisalimii." Akamtazama Votausi aliyepiga magoti, kisha akanitazama mimi, na mdomo wangu uliovimba. "Kwenu iliyotokea tumeisikia jana, kwa mtu aliyeyakimbia majivu. Nikawa najiuliza usiku kucha. Kwani kwenu hakuna mwanamke mwenye mdomo?"